Boti za Mwamgongo

Saa moja asubuhi Kibirizi, ufukwe wa boti wa Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, hakuna boti ya kwenda Hifadhi ya Gombe. Zipo zinazotoka huko. Tulilijua hilo Ijumaa, tarehe 5 Julai 2019, tukiwa tumesimama mchangani na mabegi matatu na mpango ulioandikwa vizuri kwenye daftari: kwenda asubuhi, kuwaona sokwe mchana, kurudi mjini jioni, Jumamosi kupumzika, Jumapili kupanda basi kurudi Tabora. Tulikuwa watatu: mimi, mke wangu na mdogo wake wa kiume.

Mama mmoja alikuwa akishusha madumu ya mawese kutoka kwenye boti ndefu ya mbao. Akatutazama kwa muda.

"Wanangu, mwakeye. Mnangoja nini?"

"Tunangoja boti ya Gombe, mama."

"Si ndiyo hii! Sasa hivi imefika. Itarudi tukishauza."

Maneno yale yalitosha kueleza usafiri mzima wa upande ule wa ziwa. Hifadhi ya Gombe haina barabara. Mtu huingia kwa maji tu. Boti za abiria zinazopita mbele yake ni za watu wa vijiji vya kaskazini, Mwamgongo na vinginevyo, na wao huja Kigoma kwa ajili ya soko. Huondoka kwao alfajiri na mawese, ndizi na dagaa, wakauza, wakanunua sukari, sabuni na mabati, kisha kati ya saa sita na saa nane mchana wakageuza. Mgeni hubebwa kwa ratiba hiyohiyo. Ndiyo maana kwenda na kurudi siku moja kwa boti ya kawaida hakuwezekani: ukifika Gombe ni alasiri, na boti ya kurudi mjini itapita kesho yake alfajiri, kabla hujaingia msituni. Hesabu sahihi ni kulala mara mbili. Anayetaka siku moja akodi boti nzima, na gharama yake kubwa ni mafuta ya injini ya kwenda na kurudi. Wakiwa kumi wanaochangiana ni nafuu. Sisi watatu isingetufaa.

Kwa hiyo tulikuwa na saa sita za kungoja, na hazikupotea. Malipo ya hifadhi hayapokelewi kwa fedha taslimu. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Ni kazi ya kufanyia mjini penye mtandao, si ya kuanza kuhangaika nayo ukiwa umeshuka ufukweni. Tulirudi mjini tukaimaliza, na tukaongeza chakula: mchele kilo 2, maharage, nyanya, vitunguu, mafuta, chumvi, mkate. Nyumba ya wageni kule ina jiko, lakini duka la kukimbilia hakuna. Mgebuka mbichi, samaki wa ziwa hili, tulinunua palepale Kibirizi, tukaufunga kwenye majani ya mgomba.

Jana yake tulikuwa tumeshuka kwenye treni. Treni itokayo Dar es Salaam ikifika Tabora hukatwa: mabehewa mengine huelekea Mwanza, mengine Kigoma. Anayepandia Tabora usiku amuulize mhudumu wa behewa kabla ya kupakia mzigo, maana kwenye giza lile watu hufuata mkumbo, na kuhama behewa na magunia katikati ya msongamano ni adhabu. Baada ya hapo ni Urambo, Kaliua, Nguruka, na alfajiri Uvinza ambako chumvi ndiyo inayouzwa madirishani kama asali inavyouzwa kwetu. Halafu Kigoma, mwisho wa reli kwelikweli. Reli ilifika hapo mwaka 1914, na jengo la stesheni la Wajerumani bado limesimama likilitazama ziwa.

Alhamisi hiyo jioni tulikwenda Ujiji. Daladala inapanda Mwanga, inateremka upande wa pili, na haifiki hata kilomita 10. Ukishuka barabara kuu unatembea kuelekea ziwani hadi kwenye eneo la kumbukumbu ya Livingstone. Pana mnara wa jiwe uliochongwa ramani ya Afrika, sanamu za watu wawili wakisalimiana kwa kuvua kofia, na miembe inayoelezwa kuwa ilipandikizwa kutokana na ule ambao chini yake mwandishi wa habari Stanley alimkuta mpelelezi Livingstone mwaka 1871. Wageni wengi hupiga picha wakaondoka kwa dakika kumi. Nashauri ukae, umsikilize mwongozaji hadi mwisho, hasa kama umetoka Tabora, maana Ujiji ni nusu ya pili ya habari ambayo nusu yake ya kwanza iko kwetu Kwihara, karibu na mji wa Tabora. Stanley alikwama Kwihara kwa sababu mtemi Mirambo alikuwa amefunga njia ya misafara ya kwenda Ujiji moja kwa moja. Ikabidi azungukie kusini; aliondoka Septemba 1871 akafika Novemba. Kisha yeye na Livingstone wakarudi pamoja Kwihara, Februari 1872, wakakaa kwenye tembe ambalo mahali pake panaonekana hadi leo. Stanley aliondoka Machi. Livingstone alibaki akisubiri wapagazi hadi Agosti. Mwendo ule uliomla Stanley wiki kadhaa sisi tuliulala usingizi.

Kutoka kwenye mnara tuliendelea kuteremka, maana maji yalikuwa yamesogea mbali tangu enzi zile. Ufukweni mafundi walikuwa wakiunda boti. Mzee mmoja alikuwa ametandika kipande cha gunia chini ya ubavu wa boti, anasokota pamba kati ya viganja hadi iwe kama utambi mnene, anaichovya kwenye mawese, anailaza juu ya ufa kati ya mbao mbili, kisha anaipigilia ndani kwa patasi butu na nyundo ya mti. Pigo tatu nyepesi, moja nzito, anasogea upana wa vidole viwili. Nilimuuliza kwa nini asipige kwa nguvu tangu mwanzo, akamalize upesi.

"Ukiipiga kwa nguvu pamba inakatika, bwana mdogo. Ufa unaonekana umejaa, kumbe umejaa nje tu. Ukifika katikati ya ziwa utayajua maji yanakopita."

Akaongeza kwamba boti iliyokaa juani muda mrefu bila kuingia majini hukauka mbao zikaachana, hivyo ikishushwa mara ya kwanza lazima ivuje kidogo hadi mti unywe maji na kuvimba. Kesho yake, nilipoona maji kidogo yakichezacheza chini ya mbao za kukanyagia, nilimkumbuka.

Boti iliondoka Kibirizi saa nane kasoro. Ninayo mawili ya kumwambia atakayeipanda. Kwanza, kaa kuanzia katikati kurudi nyuma. Puani ndiko boti inakopiga wimbi, na Julai upepo unaamka mchana, kwa hiyo waliokaa mbele hufika wameloa. Pili, hakuna paa. Kofia, nguo ya mikono mirefu, na kila kisichotakiwa kulowa kifungwe ndani ya mfuko wa nailoni kabla ya kupanda, si baadaye. Jaketi la kuokolea maisha liombe mapema na ulivae. Likiwa limekaliwa na watu chini ya magunia halimsaidii mtu.

Ziwa hili ni refu, kilomita zaidi ya 670, na kina chake hufika mita 1,470, lakini boti hizi hazilikati. Zinafuata pwani, zinaingia kila kijiji kushusha mtu na dumu lake, ndiyo maana safari inayoonekana fupi kwenye ramani ilituchukua saa tatu. Milima ya Kongo ng'ambo haikuonekana. Wakati wa kiangazi moshi wa mioto ya nyika huifunika. Mpaka wa hifadhi hauhitaji bango. Vilima vilivyopauka, vyenye mihogo na michikichi, vinakoma ghafla, msitu unaanza. Ukubwa wake wote haufiki hata kilomita za mraba 60. Inaumiza kuona jinsi kipande chenyewe kilivyo kidogo, na jinsi mashamba yalivyokisogelea.

Nyani ndio waliotupokea Kasekela, mahali wageni wa hifadhi wanaposhukia. Madirisha ya nyumba ya wageni yana nyavu za chuma kwa ajili yao, na mlango hufungwa kwa komeo hata kama unatoka kuchota maji tu. Shemeji yangu aliegemeza mlango bila komeo kwa muda wa kunawa mikono, na mkate wetu ukaliwa juu ya paa mbele ya macho yetu. Chakula chote kiingie ndani kwanza, kabla ya mabegi ya nguo. Na usimlishe hata mmoja, kwa sababu nyani aliyezoea chakula cha mtu atamvamia anayefuata.

Jumamosi tuliondoka saa moja na nusu na mwongozaji. Wafuatiliaji walikuwa wamekwishatangulia. Sokwe hujenga kitanda kipya cha matawi kila jioni, kwa hiyo anayejua walikolala ndiye anayejua pa kuwakuta asubuhi, kabla hawajatawanyika. Bonde la Kakombe lina mteremko mkali kuliko linavyoonekana kutoka ufukweni. Kiangazi majani makavu yanateleza kama mchanga juu ya saruji. Viatu viwe na meno, shika fimbo, na usishike mti wowote kabla ya kuutazama, kwa maana mingine ina miiba na mingine imeoza. Maji lita moja na nusu kwa kila mtu yalitosha kwa shida.

Mwongozaji alituuliza kabla ya kuondoka kama kuna mwenye mafua. Si swali la heshima tu. Sokwe huambukizwa magonjwa yetu ya kifua na hufa kwayo, hivyo mgonjwa hubaki chini hata kama amelipa. Tulikaa mbali nao, hatukula chochote mbele yao, na tuliambiwa kwamba dume akianza kukimbia huku akikokota matawi, msogee pembeni, mshike mti, msikimbie. Hatukuyaona hayo. Tulichokiona baada ya kupanda saa mbili na zaidi ni mama amekaa kwenye mizizi, mtoto amelala chali mapajani mwake. Alikuwa akipekua manyoya ya tumbo la mtoto kwa kidole kimoja, akiyagawa mstari kwa mstari, midomo ikigonganagongana taratibu kila alipopata kitu. Mtoto aliinua mguu mwenyewe ili kwapa la paja lipekuliwe. Mke wangu aliminya mkono wangu. Saa moja tuliyopewa iliisha kama dakika kumi.

Mwongozaji alitueleza kwamba watoto hupewa majina yanayoanza kwa herufi ya jina la mama: Flo alimzaa Fifi, na ukoo wao ukaendelea hivyo. Utafiti wa sokwe hawa ulianza Julai 1960, mtafiti Jane Goodall alipofika. Novemba mwaka huohuo alimwona dume akichokonoa kichuguu kwa bua la nyasi na kula mchwa walioling'ang'ania. Anayetaka kuyaona hayo kwa macho yake asije Julai kama sisi. Mvua zinapoanza ndipo kichuguu kinapochokonolewa sana. Lakini mvua nazo huifanya njia kuwa tope. Lazima uchague.

Tuliporudi ufukweni tulitaka kupanga boti ya kesho. Tukaambiwa kesho Jumapili hakuna soko, basi hakuna boti. Siku moja zaidi, basi la Tabora limetupita, nauli yake imekwenda. Ingekuwa heri tungeuliza siku ya soko kabla ya kukata tiketi. Ila usiku ule mwezi ulikuwa mchanga na umekwishatua mapema, na wavuvi wa dagaa walikuwa kazini. Huvua kwa taa, na taa zao hufaa kwenye giza. Mbalamwezi ikipevuka hupumzika. Tulihesabu taa zaidi ya 60 kutoka mbele ya nyumba, tukaacha kuhesabu.

Jumatatu saa kumi na moja na nusu alfajiri tulikuwa mchangani na tochi. Boti haitii nanga kumngoja mtu. Inasikika kwanza, unapunga tochi, inasogeza pua, unaingia majini hadi magotini, umepanda. Yule mama alikuwemo, amekaa juu ya madumu yake.

"Mlilala siku tatu!" akasema, akasogea kutupisha.

Kibirizi hakuuza mara moja. Aliyapanga madumu juani. Asubuhi za Julai mawese huganda nusu, yakawa mazito kama uji wa rangi ya chungwa, na ukipima hivyo, kati ya mnunuzi na muuzaji mmoja anaibiwa. Wakati yanayeyuka alitupeleka kwa jirani yake wa dagaa. Alituonyesha namna ya kuchagua: ang'ae rangi ya fedha, tumbo lisiwe limepasuka, ukimkunja avunjike kwa mlio. Kisha chukua konzi, sugua kwenye kiganja, fungua. Kikibaki mchanga, walianikwa chini. Kisipobaki, walianikwa kwenye chanja, na hao ndio wa kubeba hadi Tabora hata kama bei imezidi.

Jirani alijaza sado, ndoo ndogo ya kupimia, akaishindilia kwa kiganja, akajaza tena hadi ikafanya kichuguu, akaongeza konzi moja juu. Mama alikuwa amekwisharudi kwenye madumu, anayatikisa moja moja kusikiliza kama yameyeyuka.

"Mkirudi mje Jumatatu," alituambia bila kugeuka. "Saa nane tunaondoka."