Usipa wasipokauka: afya ya wavuvi wa Kyela majira yanapovurugika

Mabadiliko ya tabianchi yakitajwa pamoja na wavuvi, mawazo ya wengi huenda kwenye dhoruba na mitumbwi kupinduka. Hayo yapo. Lakini katika mialo ya Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, kuanzia Itungi hadi Matema, madhara hujitokeza mapema zaidi kwenye chanja ya kuanikia usipa, samaki wadogo wa ziwa hilo. Mvua ikikosa mpangilio huharibu samaki, na samaki akiharibika, lishe ya mtoto na pesa ya matibabu vinaondoka naye.

Karibu robo tatu ya uzito wa usipa mbichi ni maji. Kilo 4 mbichi hutoa takribani kilo 1 waliokauka sawasawa. Kwa jua kali na upepo, kazi hiyo huisha kwa siku moja au mbili. Mawingu yakikaa, matumbo hupasuka, inzi hutaga na funza hufuata. Kibaya zaidi ni haraka ya kufunga gunia wakati samaki bado wana unyevu: joto hujaa ndani na kuvu huota, na sumukuvu haiondoki kwa kukaanga. Wapo wanaopulizia dawa ya wadudu ili kufukuza inzi. Hiyo ni kumlisha mlaji sumu, hakuna jina lingine.

Chanja iwe na kimo cha mita moja hivi kutoka ardhini, juu iwe wavu wa matundu madogo ili hewa ipite chini na juu. Tandaza safu moja tu, na ugeuze kila baada ya saa mbili. Turubai liwe karibu. Funika kabla ya matone ya kwanza, na mvua ikikatika ufunue mara moja, la sivyo samaki watalowa kwa mvuke wao wenyewe. Siku ikiamka na mawingu mazito, usisubiri: chemsha maji lita 20 yenye chumvi gramu 600, tumbukiza usipa waliooshwa kwa dakika mbili au tatu mpaka macho yawe meupe, chuja, kisha anika. Kuchemsha huua vimelea vingi vinavyoozesha samaki na kukupa muda wa kungoja jua. Kukausha kwa moshi nako kunasaidia, ila kunakula kuni, na mama anayeinama juu ya moto ndani ya kibanda kisicho na dirisha hulipa kwa kifua chake.

Kabla ya kufunga, chukua usipa mmoja umpinde. Akivunjika, tayari. Akijikunja, mrudishe juani.

Tunasisitiza usipa kwa sababu huliwa mzima, kichwa na mifupa, hivyo humpa mtoto madini ya kalisi, chuma na zinki kwa bei ambayo nyama haiwezi. Kijiko kimoja cha unga wa usipa ndani ya uji kinatosha kuanzia, mtoto akishatimiza miezi sita. Kwa ajili hiyo tenga usipa wasiotiwa chumvi.

Ziwa lenyewe nalo linabadilika. Nyasa lina kina kinachofika takribani mita 700, na rutuba yake nyingi iko chini. Upepo wa kusi wa Mei hadi Agosti ndio husaidia kuipandisha. Maji ya juu yakizidi kupata joto huwa mepesi na kuelea juu ya yale ya baridi, hivyo kuchanganyika kunapungua na chakula cha samaki wadogo pia. Mvuvi asiyepata kitu pwani huenda mbali zaidi, na upepo huohuo wa kusi unasukuma mawimbi kwenye ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 550 hadi yapasuke mwambao wa Kyela. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa Ziwa Nyasa kabla ya kuwasha taa ya kuvulia usiku, na kila aliyemo mtumbwini avae jaketi la kuokolea. Kulikalia si kulivaa.

Mvua kubwa ya milima ya Rungwe hushukia Kyela kupitia mito ya Kiwira na Mbaka. Vyoo vikifurika, visima vinachafuka. Chemsha maji ya kunywa hadi yatokote. Mtu akiharisha maji maji mfululizo, mpe maji ya chumvichumvi tangu mwanzo. Pakiti zikikosekana: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa visipite ukingo wa kijiko. Mnyweshe njiani mkimpeleka zahanati.

Mafuriko pia huacha madimbwi yenye magugu, makao ya mbu na ya konokono wa kichocho. Vimelea vya kichocho hutoka kwa wingi jua likiwa kali na kupenya ngozi kwa dakika chache, kwa hiyo kufua na kuoga mchana kwenye maji yaliyotulia ni hatari. Maji yaliyochotwa bila konokono na kukaa ndooni siku mbili ni salama kuogea. Dawa yake, prazikwanteli, hupimwa kwa uzito wa mwili, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo, na humezwa baada ya kula. Anayerudi majini kila siku huambukizwa tena, hivyo mvuvi asiridhike na dozi ya mwaka juzi. Akiona damu kwenye mkojo au kinyesi, aende kupimwa upya.