Chemba ya ayoni kusoma dozi pungufu: ilikuwa mgandamizo wa hewa

Wakuu, limeisha. Chemba yetu ya ayoni (kifaa kinachopima mionzi kwa kukusanya chaji za umeme ambazo mionzi huzalisha kwenye hewa iliyo ndani yake) ilisoma dozi ya mashine ya mionzi pungufu kwa zaidi ya asilimia 10. Tukabadilisha kebo, tukaisogeza ndani ya tangi la maji tunamopimia, wapi! Lakini dayodi, kipimo kingine cha mionzi kisichojali hewa, ilisoma sawa.

Chemba ile ina kitundu. Hewa ya ndani ndiyo ya chumbani. Mwanza tuko mita 1,100 na ushei juu ya bahari, hewa nyepesi, chaji chache. Mgandamizo uliokuwa kwenye fomu ya hesabu ya dozi, hektopaskali 1013, ulitoka taarifa ya hali ya hewa, ambayo huwa imeshapandishwa hadi usawa wa bahari. Nikaweka barometa kando ya tangi: 887. Nikazidisha usomaji kwa 1013 (mgandamizo sanifu wa kurekebishia chemba) gawanya 887, nikarekebisha na joto, namba zikakaa. Chemba iliyozibwa kabisa msiifanyie hesabu hii.