Kwenye rafu za vyombo, soma kitako kwanza

Nikiingia duka la mitumba, nguo sina habari nazo. Naenda moja kwa moja kwenye rafu za vyombo, na nikiona kikombe chenye uso wa kinyago, cha mikahawa ya tiki (ile ya Marekani iliyopambwa kwa mtindo wa visiwa vya Pasifiki), nakigeuza hapo hapo. Habari zote ziko kwenye kitako.

Safari hii nimeokota bakuli la kunywea pamoja: la kahawia, zito, katikati limeinuka mlima wa volkano wenye kishimo kileleni. Humo ndimo mhudumu alimotia pombe kali kidogo na kuiwasha, wateja wakalizunguka na mirija yao mirefu. Chini limeandikwa Orchids of Hawaii, herufi R na namba, halafu Japan. Kwa hiyo jina ni la Hawaii, kampuni ilikuwa New York, na udongo umechomwa Japani. Mikahawa ya tiki yenyewe ilikuwa mchanganyiko huo huo. Don the Beachcomber alifungua mkahawa wake Hollywood mwaka 1933, Victor Bergeron akaja na Trader Vic's kule Oakland, na mezani vikakutana ramu ya Karibi, mapishi ya Kichina na vinyago vya Polinesia. (Kwa Wamaori na watu wa visiwa vya Marquesas, tiki ni sanamu yenye uzito wake, si pambo la baa. Anayekusanya vyombo hivi alijue hilo.)

Lakini sahani niliyoipata nyuma ya bakuli ndiyo iliyonishika zaidi. Ni ya Tepco, kiwanda cha El Cerrito, California, kilichofungwa mwaka 1968. Ni nene, ukingo wake umeviringwa ili usimeguke wahudumu wanapozirundika, na michoro ya minazi imekaa chini ya ung'avu, ule utando kama kioo unaofunika udongo, ndiyo maana haijafutika. Iinamishe kwenye mwanga uone mikwaruzo ya visu, myembamba, imepishana kila upande. Watu wamekula hapa, tena wengi. Sahani isiyo na mkwaruzo hata mmoja hainivutii hivyo. Vipande vya vyombo vya Tepco vilivyotupwa bado vimetapakaa ufukweni karibu na pale, na watu wanapaita Tepco Beach.

Vikombe vipya vya mtindo wa zamani navyo navinunua. Watengenezaji kama Tiki Farm na Munktiki huweka alama zao waziwazi, na kazi yao ni nzuri. Ninavyoviacha ni vile vyepesi visivyo na alama yoyote, vyenye kitako cheupe ambacho hakijawahi kusuguana na meza.

Bakuli silinywei. Ung'avu wa zamani unaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na maji ya ndimu huivuta itoke. Nalipangia matunda yenye maganda.

Sasa natafuta chochote cha Kahiki, ule mkahawa wa Columbus, Ohio, uliofunguliwa mwaka 1961 ukabomolewa mwaka 2000 kupisha duka la dawa. Ukikiona mahali, nitafute.