Furu wekundu na furu wa buluu: miezi mitano ya tangi langu

Machi 14

Leo nimepokea furu 11, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, kutoka kwa mvuvi wa mwalo wa Kayenze, Mwanza. Wamefika kwenye ndoo ya rangi, maji nusu, mfuniko umetobolewa kwa msumari. Aliponikabidhi akaniuliza, "Kaka, furu wa nini hawa? Kwetu hawa ni chambo cha migonzo, kamba za ndoano nyingi, tunavulia sangara." Nikamwambia nataka kuona kwa macho yangu kinachoifanya aina moja ya samaki igawanyike ikawa mbili. Akaguna, akapokea hela yake, akasema akipata wengine wenye mgongo mwekundu atanipigia.

Hao wenye mgongo mwekundu ndio ninaowapenda kuliko wote. Kitaalamu ni *Pundamilia nyererei*. Jina la pili walipewa mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu Nyerere, na la kwanza ni Kiswahili chetu, kwa ajili ya milia yao. Ndugu yao wa buluu ni *Pundamilia pundamilia*. Madume yao unawatofautisha ukiwa bado mlangoni. Majike wote wana rangi ileile ya kijivu iliyofifia, na nilikaa na tochi hadi saa tano usiku nikijaribu kuwatenga.

Machi 21

Umeme ulikatika usiku wa manane. Kilichoniamsha ni ukimya wa pampu ya hewa. Nilipofika tangini samaki walikuwa juu kabisa, midomo nje ya maji. Nilichota maji kwa kikombe na kuyamimina toka juu hadi alfajiri, lakini majike wawili na dume mmoja mwekundu walikufa. Nimenunua pampu ya betri.

Aprili 6

Mdogo wangu ameniuliza kwa nini furu na si sato. Jibu ni umri wa ziwa. Ziwa Victoria lilikauka, na maji yalianza kurudi miaka kama 15,000 iliyopita. Ndani ya muda huo mfupi zimetokea spishi za furu zipatazo 500: wanaokwangua mwani kwenye mawe, wanaovunja konokono, wanaokula samaki wenzao, hata wanaonyang'anya mayai kinywani mwa mama. Sehemu nyingine duniani spishi moja tu huweza kuchukua muda mrefu kuliko huo.

Malighafi ya utajiri huo ilikuwepo kabla. Utafiti wa jeni uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba furu wa ukanda huu wametokana na mchanganyiko wa koo mbili, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya Nile ya juu. Damu hiyo mbili iliwaachia jeni za kila namna, zikiwemo jeni tofauti za macho.

Aprili 20

Nimefunga sahani nyeupe kwenye kamba yenye alama na kuishusha majini kupima uwazi wa maji. Karibu na mjini ilipotea kabla ya kufika mita moja. Kwenye visiwa vya Ghuba ya Speke, nikiwa kwenye mtumbwi wa yule mvuvi, bado niliiona ilipopita mita mbili.

Hicho kipimo cha sahani kina uzito. Maji ya ziwa hili yanazuia mwanga wa buluu mapema, na wa njano na nyekundu ndio unaofika chini. Furu wa buluu anaishi juu karibu na mawe, na macho yake yanaona buluu vizuri. Mwekundu anaishi chini zaidi, na macho yake yameelekea nyekundu. Kila jike anamfuata dume anayemwona aking'aa, kwa hiyo spishi hizi mbili hukaa mbalimbali ingawa jiwe wanalokaa ni moja. Maji yakichafuka kwa matope na mbolea ya mashambani, rangi hazisomeki tena na samaki wanachanganyikana. Kwa hilo nina uchungu, kwa sababu tunahesabu tu hasara ya sangara kuwala furu na kusahau kwamba maji machafu nayo yanafuta spishi bila kuua samaki hata mmoja.

Mei 30

Tangi limegawanywa kwa wavu wa plastiki. Matundu yanapitisha jike, dume hapiti. Mwekundu kulia (huyu alikuja baadaye, mvuvi alitimiza ahadi), wa buluu kushoto. Watafiti Ole Seehausen na Jacques van Alphen walifanya jaribio la namna hii Uholanzi na kulitoa mwaka 1998. Mimi nalirudia kwa nusu saa kila jioni.

Jike wangu mkubwa, mwenye pezi la mgongo lililochanika, jioni sita za taa nyeupe: alikwenda kwa mwekundu mara 41, kwa wa buluu mara 9. Nikafunika taa kwa tabaka tatu za nailoni ya rangi ya chungwa. Nyekundu ikafifia, buluu ikawa giza. Jioni sita nyingine: 22 na 19.

Jike wa pili hakuonyesha tofauti kwenye mwanga wowote. Huenda hakuwa tayari kutaga, au ni chotara tayari. Nimemwacha kwenye daftari kama alivyo.

Juni 17

Imetokea mbele yangu, taa ikiwa bado na nailoni. Jike mwenye pezi lililochanika alipita wavuni kwenda kwa wa buluu. Dume akalala ubavu, mwili wote unatetemeka, akakunjua pezi la chini lenye madoa ya duara yanayofanana na mayai. Jike akataga yai moja, akageuka akalichukua mdomoni, kisha akayadonoa yale madoa kana kwamba ni mayai aliyoyasahau. Hapo ndipo mbegu za dume zikamwingia kinywani. Wakarudia hivyo wakizunguka, zaidi ya nusu saa. Nilisahau kuhesabu.

Julai 9

Siku 22 jike hajala kitu, mayai yako mdomoni. Koo limevimba, macho yameingia ndani. Leo asubuhi ametema vifaranga 17 nyuma ya jiwe, na alipoona kivuli changu akawarudisha wote mdomoni.

Agosti 12

Vifaranga wako 15, kwenye tangi lao, chini ya taa nyeupe. Wote bado kijivu. Madume yataanza kupata rangi baada ya miezi kadhaa. Mvuvi wa Kayenze alipiga simu jana kuuliza kama mgongo umeshaanza kuonekana.