Mwaka Mpya wa Kichina London na watoto wawili: tulivyofanya safari ya pili

Mara ya kwanza tulishindwa. Ilikuwa Januari 2023, tukafika Chinatown, mtaa wa Wachina katikati ya London, saa saba mchana tukisukuma kigari cha mtoto, na kwa saa nzima binti yangu hakuona kitu ila migongo ya watu. Mdogo wake alilia mpaka sauti ikakauka. Kwenye treni ya kurudi kwetu Barking binti akaniuliza, "Mama, simba alikuwa wapi?" Alimaanisha simba wa kuchezeshwa, yule wa sherehe. Swali lile nilikaa nalo mwaka mzima.

Basi Mwaka wa Joka, kama Wachina walivyouita mwaka uliofuata, ulipokaribia, nikamwambia baba yao safari hii twende kwa mpango. Mwaka mpya wenyewe uliangukia Jumamosi, tarehe 10 Februari 2024. Sherehe za London hufanywa Jumapili, kwa hiyo siku yetu ikawa tarehe 11.

Kigari nilikiacha nyumbani. Kituo cha Embankment tunachoshukia ni cha ngazi, na penye umati kigari ni adhabu kwako na kwa wenzako. Nikatoa kanga, nikambeba mdogo mgongoni kama nilivyobebwa mimi Lamu, kisha jaketi la baba yake likatufunika sote wawili. Alikuwa na miaka miwili na nusu, na uzito wake niliusikia mpaka kiunoni, lakini mgongoni alikuwa salama, aliona mbele kupitia bega langu, na usingizi ukimjia analala papo hapo.

Binti, wa miaka sita, nilimwandikia namba yangu ya simu mkononi kwa kalamu, juu kidogo ya kifundo, sweta likafunika. Mahali pa kukutana tukachagua miguuni mwa simba wa shaba wa Trafalgar Square. Simba hao wako pale tangu 1867, ni wakubwa mno, na askari yeyote anawajua. Ila wako wanne, kwa hiyo nilimpeleka kabisa mbele ya yule aliye karibu zaidi na kanisa, akamgusa ukucha, nikamwambia, "Huyu ndiye wetu." Nafurahi nilifanya hivyo. Baadaye umati wa Shaftesbury Avenue ulimtenga yeye na baba yake na sisi, simu zikawa hazishiki, na nilipofika kwa simba nikawakuta wameshakaa wananisubiri. Binti ndiye aliyemwongoza baba yake.

Chakula nilibeba. Hatuli nguruwe, na sikutaka kwenda kibanda baada ya kibanda nikiuliza ndani mna nini huku mtoto ana njaa. Mahamri, mayai ya kuchemsha, na chai ya maziwa kwenye chupa. Choo tulitumia cha National Gallery, jumba la picha lililo hapo Trafalgar Square, ambako kuingia ni bure.

Tulifika saa tatu na nusu asubuhi, na kuwahi huko ndiko kulikotuokoa. Tulipata nafasi mbele kabisa, kando ya njia ya maandamano. Tulikuwa tumekubaliana kutazama vitu viwili tu, joka na simba, na kuvitazama kwa karibu. Joka lilipita juu ya vichwa vyetu, watu wake wamelishika kwa miti, kila mmoja na mti wake, wa mbele akipinda na wa nyuma wakimfuata, mwili mzima ukawa kama wimbi. Binti aliwahesabu wabebaji kwa sauti, akakosea, akaanza upya.

Simba tulimfuata Gerrard Street, huko Chinatown, nako hatukuzunguka. Tulitafuta duka lililotundika fungu la majani ya saladi juu ya mlango, pamoja na bahasha nyekundu, tukasimama hapo tukangoja. Palipo na saladi simba atafika. Kwa Kichina neno la saladi linafanana kwa matamshi na maneno ya kupata mali, ndiyo maana simba huila kwa ajili ya baraka za duka. Nilimweleza binti kwamba bahasha ile ina pesa, na kwamba watoto wa Kichina hupewa za kwao na wakubwa. Akasema, "Kama mkono wa Idi!" Ndivyo hasa, mwanangu.

Kisha ngoma na matoazi yakatukaribia, na mdogo akaficha uso shingoni mwangu, mwili wote unatetemeka. Sikumlazimisha kuangalia. Nilirudi nyuma hatua kama kumi, mpaka kwenye mlango wa duka lililofungwa, nikamziba sikio moja kwa kiganja na lingine nikalilaza begani kwangu. Kutoka pale tulimwona simba kwa pembeni: kope zake zikipepesa kwa kamba iliyo ndani, kioo kidogo kwenye paji la uso, na chini ya manyoya miguu minne yenye raba za kawaida. Simba akaruka, akaichukua saladi, akatafuna, akaitema vipande vipande juu ya watu. Ngoma ikanyamaza. Kijana wa mbele akakiinua kile kichwa apate hewa, uso wake umelowa jasho, akamwona mwanangu anachungulia, akamtikisia mkono. Mdogo akashika shingo yangu kwa nguvu. "Kuna kaka ndani!" Akalirudia mara sita au saba, na simba mwingine alipokuja, mdogo mwenyewe alitaka kumgusa.

Saa sita na nusu tuliondoka, ingawa barabara bado zilikuwa zimejaa. Binti alitaka kubaki, lakini nilijua saa moja zaidi ingetuharibia siku. Tukatembea polepole mpaka British Museum, nako kuingia ni bure, mdogo kalala mgongoni. Tulikwenda chumba namba 95, chenye karibu vyombo 1,700 vya Kichina. Ndani mna jozi ya magudulia ya bluu na nyeupe yaliyoandikwa mwaka wa 1351, mikono yake ni vichwa vya tembo, na kila moja limezungukwa na joka. Binti alibandika pua kwenye kioo. Lile joka la asubuhi, alisema, limeingia humu kupumzika.

Nikamwambia sahani za Kichina hata kwetu ziko, wazee wa Lamu walizipanga kwenye zidaka, vishubaka vya ukutani mwa nyumba zao, na kwamba mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme wa Uchina twiga aliye hai, kwa jahazi. Akataka kujua twiga aliwekaje shingo.

Jioni tulimpigia bibi yake kwa video. Kabla ya salamu binti alikuwa ameshamwomba atoe sahani ya kwenye kidaka. Bibi akaishusha, akaifuta vumbi kwa ncha ya leso yake, akaisogeza karibu na simu.

"Igeuze, bibi. Kuna joka?"

Bibi akaigeuza, akaitazama mbele na nyuma. "Hapana, mjukuu wangu. Maua tu."