Robert Smalls baada ya kushuka melini

Kila nikikuta habari za Robert Smalls, mtumwa wa Marekani aliyetoroka na meli ya jeshi, zinaishia kwenye meli. Nimezeekea kwenye usukani wa tagi pale Kilindini, kwa hiyo naelewa: kisa chenyewe ni kitamu. Lakini mimi namheshimu zaidi kwa kazi aliyoifanya baadaye, akiwa mbunge wa jimbo lake.

Alizaliwa mtumwa mwaka 1839 mjini Beaufort, Carolina Kusini. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilimkuta kwenye meli Planter, iliyotumikia jeshi la Kusini, upande uliopigania utumwa, bandarini Charleston. Aliijua bandari ile fungu kwa fungu, mkondo kwa mkondo. Kazi ilikuwa ya rubani, ila mtu mweusi hakupewa cheo hicho.

Alfajiri ya tarehe 13 Mei 1862, maofisa wazungu wakiwa wamelala nchi kavu, yeye na wenzake wakang'oa nanga, wakawapitia mkewe Hannah na jamaa wengine. Jumla walikuwa 16. Smalls alivaa kofia ya ukili ya nahodha, akasimama vile vile alivyozoea kusimama yule bwana. Mbele ya Sumter, ngome iliyokuwa mikononi mwa Kusini, akapiga honi kwa ishara iliyotakiwa, akapita kwa mwendo wa kila siku. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Mtu mwenye hofu mkono wake hukimbilia kuongeza mwendo, na meli inayokimbia mbele ya mizinga imeshajitangaza. Walipofika mbali na mizinga wakapandisha shuka nyeupe, wakajisalimisha kwa meli za Kaskazini.

Serikali ilimpa zawadi ya dola 1,500. Akaendelea kupigana, na mwishoni mwa 1863 nahodha wake alipokimbilia stoo ya makaa kukwepa risasi, Smalls akashika uongozi wa meli. Ndipo akafanywa nahodha. Miaka ya baadaye alikuwa jenerali wa wanamgambo wa jimbo.

Pesa nazo alizijulia kazi. Nyumba ya bwana wake wa zamani, ambayo nyuma yake ndiko alikozaliwa, iliuzwa kwa sababu ya kodi isiyolipwa, akainunua. Mwenyewe wa awali akamshtaki, kesi ikafika Mahakama ya Juu, na Smalls akashinda. Alifungua duka Beaufort pamoja na mshirika wake, akaanzisha gazeti, akaingia kwenye kampuni ya reli ya mabehewa ya kukokotwa na farasi huko Charleston.

Huyu bwana hakujua kusoma mpaka utu uzima, na akatafuta mwalimu wa kumfundisha. Mwaka 1867 alinunua jengo liwe shule ya watoto weusi. Mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa kuandika katiba ya jimbo, akasimamia shule za umma zisizo na ada, watoto wote wasome. Mimi nimesomeshwa kwa nazi alizouza mama, kwa hiyo hapa ananigusa pabaya. Kisha akaingia bunge la jimbo, na mwaka 1870 akawa seneta wa jimbo, kabla ya kwenda Washington akiwa mbunge wa taifa.

Hakuwa malaika machoni pa mahakama. Mwaka 1877 alihukumiwa kwa rushwa, wapinzani wake wakiwa wameshika serikali, na mwaka 1879 gavana akamsamehe. Mimi naiona kesi ile kuwa ya kisiasa zaidi.

Mwaka 1895 wazungu wa Carolina Kusini waliitisha mkutano mwingine wa katiba, safari hii kuwanyang'anya weusi kura. Wajumbe weusi walikuwa sita tu, naye mmoja wao. Alisimama akasema watu wake hawahitaji utetezi wa pekee, wanahitaji nafasi sawa katika maisha. Katiba ikapita. Wajumbe walipoitwa kutia sahihi, Smalls alikataa.