Jinsi nilivyopanga safari yetu ya kwanza Mombasa bila kuvuka feri kila siku

Tumerudi Nakuru salama, naandika kwa anayehangaika kama nilivyohangaika. Ratiba yetu ya siku nne ilikuwa haikai: malazi Diani (pwani ya kusini), Fort Jesus kisiwani mchana, Haller Park (hifadhi ya wanyama upande wa kaskazini) jioni, na kila siku kuvuka kwa feri ya Likoni kwenda na kurudi. Nikapunguza sehemu za kutembelea, wapi! Nikataka tuhamie Nyali, upande wa kaskazini, mke wangu akakataa. Diani ndiyo aliyoitamani miaka yote.

Kilichotutoa ni jambo dogo: treni ya SGR (reli ya kisasa kutoka Nairobi) haifiki kisiwani. Stesheni ya SGR iko Miritini, upande wa bara, karibu na barabara ya Dongo Kundu inayokupeleka pwani ya kusini bila feri. Basi tuliposhuka tukachukua teksi moja kwa moja hadi Diani, tukalala siku mbili. Siku ya tatu tukavuka Likoni mara moja tu, begi mgongoni (anayevuka kwa miguu halipi), tukalala mjini. Asubuhi Fort Jesus kabla ya jua kali, kisha vichochoro vya Mji wa Kale na viazi karai vya moto. Haller Park tukaiacha. Usiku tukapanda treni Miritini.